Vikwembe Viwili vya Rangi Moja

Siku ile mjinga alikuwa Anatole. Tuseme hivyo mapema, maana mwenyewe alichelewa sana kukubali, na watu wa Baraka, mji mdogo wa kando ya ziwa, hawakuamini kwamba mdomo ule uliowachekesha wote kwenye baraza la duka ungeweza siku moja kumtia bwana wake matatani. Anatole alikuwa fundi wa cherehani. Alikuwa na kofia ya kizungu, viatu vya kahawia, na meza yenye kitambaa cheupe ambapo alikula na mke wake Adolphine wakitazamana, jambo ambalo wanaume wenzake walikuja kulichungulia dirishani kama watu wanaotazama ndege ya kwanza. Na alikuwa na binti mmoja, Godelieve, wa kwanza darasani tangu alipoanza kushika kalamu. Juu ya Godelieve hakuwa na utani.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka wa hamsini na sita. Sista Placide alishuka kutoka mlimani, upande wa Fizi, kuangalia nyumba za wasichana waliokuwa wameomba nafasi katika shule ya masista ya kufundisha walimu wa kike. Msichana hakuchaguliwa kwa akili peke yake. Walitaka kujua analala wapi, anasali na nani, na baba yake ana wake wangapi. Ndoa ya pili ilitosha kumfungia mtoto mlango.

Sista alikaribishwa mezani. Alipewa chai. Alikigusa kile kitambaa cheupe kwa kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mnakula pamoja hapa, baba na mama?"

"Kila siku, Masere," Anatole akajibu. Kofia alikuwa ameivua na kuiweka gotini. "Mesa moja, sahani moja moja, hakuna kujificha jikoni."

"Na desturi za zamani?"

"Hizo tuliachia bababu! Hapa hata ukitafuta na taa hauone."

Hakuwa amefunga mdomo vizuri. Nyuma ya nyumba alitokea mwanamke mwenye beseni la mihogo kichwani. Alipoinua macho akamwona Anatole amekaa karibu na mlango, akashtuka, akatua beseni chini kwa kishindo, akajivutia usoni kikwembe chake, kitenge cha buluu, na kukimbia hadi nyuma ya ua wa matete, mihogo ikibaki inabiringika uwanjani.

Mwanamke huyo aliitwa Félicité. Alikuwa mama yake Adolphine. Mume wake alikuwa amefariki Lweba, huko ufukoni, katika mvua zilizopita, na binti yake akamleta Baraka ili asikae peke yake. Alimzaa Adolphine akiwa bado msichana, kwa hiyo alimzidi mkwe wake kwa miaka michache tu, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kuliko wa bintiye. Katika familia zao mwanaume hamtazami mama wa mke wake usoni. Hali anapokula, hakai anapokaa, na jina lake halitamki. Si chuki hiyo. Ndiyo heshima yenyewe, na Anatole, pamoja na kofia yake, aliishika bila kuruka hata kidogo. Alimjengea nyumba yake nyuma, na jiko lake, na njia yake ya kwenda mtoni. Kila alipozunguka pembe ya nyumba alikohoa kwanza. Na Noeli iliyopita, aliponunua kikwembe cha buluu chenye ndege wa manjano kwa ajili ya mke wake, alinunua viwili, akashona blauzi mbili, maana ni aibu mtu kumvalisha binti na kumwacha mama yake na matambara.

Sista aliutazama ua wa matete. Akaitazama ile nyumba ndogo yenye jiko lake linalofuka moshi. Halafu akamtazama Adolphine, aliyekuwa amesimama na birika mkononi, amevaa buluu yenye ndege wa manjano.

"Yule ni nani?"

Maneno manne yalitosha. Mama wa mke wangu. Lakini Anatole alikuwa ametoka kusema sasa hivi kwamba desturi haziko, na desturi yenyewe imepita uwanjani mbio na kumwaga mihogo. Aliona nafasi ya Godelieve inateleza. Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha barazani.

"Ule? Aa. Ule ni mutu wa kusaidia kazi tu, Masere. Anamusaidia Adolphine kutwanga."

"Mtumishi?"

"Ndiyo. Sawa mutumishi."

Birika la Adolphine likasimama hewani. Sista Placide akamaliza chai yake yote, akashukuru, akasema watoto wa Baraka wana macho mazuri, akapanda gari la misioni na kuondoka.

* * *

"Ulisema nini?" Adolphine aliuliza kabla vumbi la gari halijatua.

"Nilisema nini? Nilisema mutu wa kusaidia."

"Ulisema mutumishi."

"Yeye ndiye alisema mutumishi. Mi niliitika tu."

"Mama yangu iko nyuma ya yale matete, Anatole. Matete haina ukuta."

"Sasa ulitaka niseme nini? Niseme: Masere, ule ni mama mukwe, akiniona anakimbia sababu sisi bado tunaogopana sawa bababu yetu? Nafasi ya mutoto ingeishia pale pale!"

Adolphine aliweka birika mezani, juu ya kitambaa cheupe kabisa, likaacha duara jeusi. Hakuomba radhi.

Jioni hiyo Godelieve alimpelekea tate yake, yaani nyanya yake, bugali na samaki wa mukeke, kama kawaida. Chakula kikarudi hakijaguswa. Asubuhi yake kikarudi kikwembe, kimefuliwa, kimekunjwa mara nne, na blauzi yake juu.

"Tate amesema nini?" Anatole aliuliza.

"Hajasema kitu, baba."

Hilo lilikuwa baya zaidi. Anatole alikisukuma kikwembe chini ya kitanda, akaenda zake kushona.

* * *

Majina yalisomwa Jumapili, baada ya misa, kwenye ngazi za kanisa. Aliyesoma ni mwalimu Isidore, mtu mwema mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Wasichana watatu walichukuliwa. Godelieve alikuwa amevaa viatu vya mama yake, vimejazwa pamba mbele. Alingoja mpaka Isidore akakunja karatasi, akangoja tena kidogo, kama mtu anayedhani wimbo haujaisha.

Anatole akapanda ngazi. "Mwalimu, umeruka moja."

"Sijaruka, Baba Gode."

"Mutoto wangu ni wa kwanza. Wa tatu amechukuliwa, wa ine amechukuliwa. Angalia vizuri."

Isidore alijaribu kumvuta pembeni, lakini sauti yake, kama tulivyosema, haikujua pembeni. "Ni nyumba, si mutoto. Masista banasema... banasema nyumba ya baba yake si ya ndoa moja."

Waumini wote wakasikia. Mtu mmoja akaguna, kisha kicheko kikapita juu ya watu kama upepo juu ya mihogo. Anatole naye akacheka, maana hakujua uso mwingine wa kuvaa.

"Mi? Bibi mbili? Moja tu ananishinda!"

Adolphine alikuwa ameshamshika Godelieve mkono na kuondoka naye. Viatu vile vilikuwa vinampwaya mtoto njia nzima.

Jumatatu, kwenye baraza la duka alikoshonea, wenzake walimngoja. Nicolas, mvuvi aliyeleta suruali ileile kila mwezi itiwe kiraka kilekile, ndiye aliyefungua.

"Bwana wa bibi mbili! Twambie, cherehani moja inatosha?"

"Hapana, ya pili si bibi, ni mutumishi," akadakia mwingine. Kumbe na hilo lilikuwa limeshafika. "Anatole, na mi unitafutie mutumishi wa namna ile. Wa kuvaa ndege za manjano!"

Wakacheka mpaka wakashika nguzo. Anatole alikuwa amewacheka hao wote kwa miaka, mmoja mmoja na kwa majina ya baba zao, na kila mmoja alikuwa amekuja na deni lake. Alikanyaga cherehani. Uzi ukakatika. Akautia tena, ukakatika tena.

Aliporudi nyumbani mchana Godelieve alikuwa anachambua majani ya sombe, daftari zake za shule zimefungwa kamba na kuwekwa juu ya kabati kama vitu vya marehemu.

"Baba," alisema bila kuinua kichwa, "kwenye hesabu nilikosa?"

"Hapana."

"Kwenye kuandika nilikosa?"

"Hapana, mama."

"Basi mi nilikosa nini?"

Anatole alichukua kofia, akatoka tena.

* * *

Alikwenda kwa Isidore. Alimweleza yote, na kwa mara ya kwanza hakuyapamba. Isidore alikuwa mtu wa familia za huko huko, alijua mkwe ni nini. Alijishika kichwa kwa mikono miwili.

"We Anatole! Umemuita mama ya bibi yako mutumishi? Mbele yake?"

"Alikuwa nyuma ya matete."

"Mbele yake!" Isidore akatembea mpaka dirishani na kurudi. "Sikia. Tutaomba masista barudilie maneno ya mutoto. Hiyo inafanyika. Lakini ukienda peke yako, watasema: huyu jana alisema mutumishi, leo anasema mukwe, kesho atasema ni dada yake. Lazima yule mama aende mwenyewe, asimame pale, aseme."

"Na mi nisimame wapi?"

"Pale pale."

"Chumba moja?"

"Chumba moja, Anatole. Ulitaka Uzungu, sasa uko nao."

Padri wa kanisa lao akakubali kuwapelekea masista maombi. Jibu likarudi: Alhamisi, waje wote, pamoja na yule mwanamke.

Sasa kazi ilikuwa kumwomba yule mwanamke. Mtu huwezi kumwendea mama mkwe ukamwambia twende. Anatole alisimama kwenye pembe ya nyumba, akakohoa. Nyuma ya ua mchi ulikuwa unatwanga, ukaacha. Katikati, uwanjani, akasimama Godelieve, kama kawaida ya maneno ya pande hizo mbili.

"Gode," Anatole alisema kwa sauti ya kusikika na matete, "mwambie tate yako kwamba Alhamisi tunaitwa juu, kwa masista. Bila yeye hakuna kitu."

"Gode," sauti ikajibu kutoka nyuma ya ua, "muulize baba yako: mutumishi anapelekwa safari kufanya nini? Kubeba mizigo?"

Anatole akavua kofia. "Mwambie nilikosa."

"Muulize alikosa wapi. Mi nilikuwa natwanga, sikusikia vizuri."

"Mwambie... anajua."

"Mwambie sijue."

Godelieve alimgeukia mmoja, akamgeukia mwingine, kisha akakaa chini mavumbini katikati yao, akafunika uso na kulia. Hakulia kwa kelele. Mchi ukaegemezwa ukutani.

"Gode, nyamaza," ile sauti ikasema, sasa taratibu. "Nitaenda. Mwambie baba yako naenda kwa ajili ya masomo yako. Ya kwake iko mbali bado."

* * *

Walipanda lori la pamba. Dereva alikubali kuwachukua juu ya magunia, lakini aliposikia kwamba kati ya abiria wake yuko mtu na mama mkwe wake, akasema hajawahi kupakia mzigo wa hatari namna hiyo. Adolphine alifunga kamba katikati ya lori na kutundika shuka. Upande wa mbele akakaa Félicité na mjukuu wake. Upande wa nyuma, penye vumbi lote, akakaa Anatole na kofia yake. Adolphine alikaa katikati, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule, akishikilia shuka kila upepo ulipolipandisha.

Kila kijiji walichopita watu waliuliza, na kila mara dereva alitoa kichwa nje na kueleza.

"Yule wa nyuma ni mukwe! Yule wa mbele ni mama mukwe! Banaenda kujitetea kwa masista!"

"Kujitetea juu ya nini?"

"Juu ya ndoa!"

Baada ya kijiji cha tatu Anatole alimwomba dereva anyamaze. Dereva akasema basi alipe nauli, maana kwa kimya hambebi bure.

* * *

Ofisi ya masista ilikuwa chumba kidogo chenye meza, viti viwili, mlango mmoja na dirisha moja la chini. Sista Placide alikuwa mezani. Kando yake alikaa padri mmoja mzee, mwenye ndevu za kufika kifuani, aliyekuwa amekaa nchi hiyo tangu Anatole hajazaliwa. Anatole akaingia kwanza, pamoja na mke wake na binti yake. Kisha Félicité akasogea mlangoni, kikwembe chake cha kale kichwani, hicho cha Lweba kilichofifia mpaka hakina rangi, na Anatole akageuka ghafla akaangalia ukuta.

"Bwana Anatole," akasema Sista, "niangalie ninaposema nawe."

"Siwezi, Masere. Nikigeuka nitamuona."

"Nani?"

"Yeye."

"Jina lake nani?"

Ukutani palikuwa na picha ya Mtakatifu Yosefu akiranda mbao. Anatole alimtazama Yosefu. Yosefu hakumsaidia.

"Jina najua, Masere. Kinywa ndiyo inakataa."

"Anakaa uwanjani kwako na jina lake huwezi kusema?"

"Anaitwa Félicité," Godelieve akasema. Sauti ilimtetemeka, lakini aliimaliza. "Ni mama ya mama yangu."

"Mtoto husema anavyofundishwa nyumbani," Sista akajibu, bila ukali. "Bwana Anatole. Siku ile ulisema ni mtumishi. Leo mnasema ni mkwe. Ulinidanganya siku gani?"

"Siku ile."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo Anatole alipotafuta utani wake, na kwa kweli aliutafuta kote. Hakuupata. Alikuwa anazungumza na ukuta, kofia ameibana kwapani, na mgongoni mwake alikuwa na macho ya watu watano.

"Niliona haya."

"Haya ya nini?"

"Yako, Masere. Nilikuwa nimekwambia desturi tumeacha. Niliogopa utasema hii ni nyumba ya bashenzi, utamufungia mutoto mulango."

"Kwa hiyo ukamwita mama wa mke wako mtumishi wako."

Kiswahili cha misioni hakimezi maneno. Kilitamka kila neno zima, na kila moja likamfikia.

"Ndiyo," Anatole akauambia ukuta. "Nilimuita vile."

Adolphine aliangalia vidole vyake. Mlangoni Félicité hakutikisika.

Sista Placide hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amedanganywa mara nyingi, na wanaume wenye vitambaa vyeupe zaidi mezani kuliko cha Anatole. "Nataka kukuamini," alisema. "Lakini niliona nguo. Mama wawili, nguo moja, rangi moja. Katika kila kijiji ninachokwenda, mwanaume anayenunua namna ile ananunulia wake zake, ili wasigombane. Na huyu mama aliponiona alijifunika kichwa, akakimbia. Mtu asiye na la kuficha hakimbii."

"Hakukukimbia wewe, Masere..." Adolphine alianza.

"Gode," ikasema sauti kutoka mlangoni. Félicité alikuwa amegeuka nusu, uso kwenye mwimo wa mlango. "Muulize Masere kama mi pia naweza kusema."

"Sema, mama," akajibu padri mzee kabla Sista hajafungua kinywa.

"Masere, we pia unajifunika kichwa. Kwenye nyumba yenu mwanaume hapiti. Nimefika hapa, nimeona, nimesema ni heshima yao. Sijakuuliza we ni bibi ya nani."

Padri alianza kukohoa. Alikohoa muda mrefu, ndevu zikitikisika, akatoa leso na kujifuta macho. Sista Placide akawa mwekundu kuanzia kola mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. Kisha, kwa ajabu ya wote, akasimama na kuzungusha kiti chake upande wa pili wa meza.

"Kaa, mama," alisema.

"Asante, Masere. Siwezi."

"Kwa nini?"

Félicité alielekeza kidevu ukutani. "Ule bado iko ndani."

"Anatole," akasema padri, "toka nje."

"Mompere, ni mi niliomba tusikilizwe. Mutoto ni wangu."

"Toka, mama apate kukaa."

Anatole alipiga hatua ya kando, uso bado ukutani, kama kaa wa ufukoni. Akasimama.

"Mlango uko huku," Sista akamwambia.

"Mulango uko na mutu, Masere."

Basi fundi Anatole wa Baraka, mwenye viatu vya kahawia na meza ya kitambaa cheupe, akapanda dirisha la masista, akapitisha mguu mmoja, suruali ikanasa kwenye msumari na kupasuka, akaangukia upande wa pili kwenye kitalu cha vitunguu. Kofia ilibaki ndani. Wanafunzi waliokuwa wakianika nguo waliacha kuanika. Mmoja akamsalimia kwa adabu sana, na hiyo adabu ndiyo iliyomuuma.

Alisimama chini ya dirisha, ameshikilia suruali yake nyuma kwa mkono. Ndani walikuwa wanazungumza. Alisikia sauti ya mama mkwe wake, ndefu, tulivu, ikieleza habari za Lweba, na za mume wake aliyekufa, na jinsi alivyojengewa nyumba. Alisikia maneno "amenijengea vizuri." Akaegemeza kichwa ukutani. Aliona afadhali angetukanwa. Kisha akasikia wote wanacheka humo ndani, hata mke wake, na hakujua wanacheka nini, ingawa alikisia.

Godelieve ndiye aliyetoka kumwita, amebeba kofia.

"Kitanda iko, baba. Moja tu imebaki, karibu na mulango. Naanza pamoja na wengine."

Anatole alitaka kumkumbatia, akakumbuka suruali. Akapokea kofia na kuifunikia mahali palipopasuka.

* * *

Siku ya mwisho ya mwezi Godelieve alikuwa anafunga sanduku. Anatole alirudi kutoka dukani na kifurushi. Kilikuwa kikwembe kipya, kizito, chekundu chenye majani meupe, namna ambayo hata mke wa karani hakuwa nayo, na blauzi alikuwa ameishona kwa mkono wake, usiku na mchana, mikono mipana kama wanavyopenda wamama wa Lweba. Alikifungua juu ya meza ili Adolphine aone.

"Hiyo ni yangu?" Adolphine aliuliza, ingawa alijua.

"Ni ya kule nyuma. Chakula anakula sasa?"

"Anakula changu. Chako anarudisha."

"Lakini nimefanya nini tena!" Anatole akalipuka. "Nilisema nilikosa mbele ya Mompere. Mbele ya Masere. Nimetoka kwa dirisha sawa mwizi, Baraka nzima inajua, Nicolas anapita dukani kila siku ananiuliza kama mulango umefungwa! Mutoto ameingia masomo. Maneno imekwisha, Adolphine. Kitu gani imebaki?"

"Ulisema kwa ukuta."

"Nilisema!"

"Ulisema kwa ukuta, na kwa Kiswahili cha masista. Mama yangu we haujamwambia kitu." Akamsukumia kifurushi. "Enda. Usinipe mi nipeleke."

Anatole akaenda mpaka pembe ya nyumba. Akakohoa. Nyuma ya matete mchi ukaacha kutwanga. Godelieve, viatu vipya miguuni, akasimama katikati ya uwanja kwa mara ya mwisho kabla ya safari, na baba yake akamwekea kile kikwembe mikononi.

"Gode, mwambie tate yako hivi. Siku ile nilimuita mutumishi, na akasikia, na nilijua anasikia. Mwambie kikwembe hii ni yake, sina kingine cha kumupa. Mwambie avae tumalize."

Godelieve akapeleka. Ilisikika nguo ikikunjuliwa, mkono ukipima mshono, kidole kikipita kwenye pindo, na Anatole akaanza kuvuta pumzi. Kisha nguo ikasikika inakunjwa tena, taratibu, mara nne, na mtoto akatokea amebeba kifurushi kilekile.

"Gode," sauti ikasema nyuma yake, "mwambie baba yako, mutumishi havalishwi. Mutumishi analipwa mwisho wa mwezi. Muulize leo ni tarehe ngapi."